Jeneza la Abbasi Lilivyokwama Uani

Jeneza la Abbasi lilikwama uani, na aliyelikwamisha ni baba yangu. Mkatoliki. Rozari shingoni.

Msicheke, nilikuwepo.

Ilikuwa Kwihara, enzi za Mwingereza. Nimemaliza darasa la nane, kazi sina, nazurura Tabora na baiskeli ya watu.

Abbasi alikuwa jirani yetu, mrina asali. Siku moja aliacha mwenge wake wa kufukuzia nyuki porini bila kuuzima. Moto ukaingia shambani kwetu, ukala kibanda. Ndani kalala kaka yangu Justus, analinda mahindi.

Mzungu akamfunga Abbasi.

Baba akasimama kanisani: "Nimemsamehe!" Watu wakalia. Padri akampa mkono.

Abbasi akatoka jela anakohoa damu. Akaja kwetu kuomba radhi.

"Nilishakusamehe kwa Mungu," baba akamjibu, mikono kaibana kwapani. "Toka."

"Mzee Dionis, kwa Mungu nitafika mwenyewe. Mimi nataka kwako."

Baba akafunga mlango. Wiki haikuisha, Abbasi akafa.

Sasa, Waislamu kabla ya kuzika lazima waulize. Sheikh Lukumani akasimama uani kwa marehemu: "Aliyekosewa na marehemu, amsamehe."

"Tumemsamehe!" Uwanja mzima.

Na baba: "Nimemsamehe!" Sauti ileile ya kanisani, mikono ileile kwapani.

Twalibu, kaka wa marehemu, jeneza tayari begani, akamkazia macho. "Basi njoo ubebe jeneza. Bega moja tu."

"Mimi Mkristo, sibebi."

"Ukristo unakukataza kubeba, au kusamehe?"

"Nyie je? Mtu kaua, mnapiga kelele mara moja uani, kwisha! Msamaha wa mnadani huo!"

"Na wako? Unamsamehe mtu mbele ya padri, mwenyewe akija unamfungia mlango!"

Vijana wakaanza kukunja mikono ya kanzu. Nikajua leo tunakula kichapo.

Baba akalipuka. "Simsamehe! Mmesikia? Sijawahi kumsamehe!"

"Teremsheni," Twalibu akasema. "Ndugu yangu hatoki hivi."

Jua likazidi kupanda. Maiti ipo chini, hakuna wa kuigusa.

Ndipo upande wa wanawake akainuka mama yangu, Apolinaria. Mama yangu huyu, ambaye mbele za wanaume hata chafya anaimeza!

"Padri alimuuliza Dionis. Sheikh naye Dionis. Justus nilimzaa mimi. Nani kaniuliza?"

Bi Zamda, mama wa marehemu, akamsogelea. "Nakuuliza mimi, mwenzangu. Unamsamehe mwanangu?"

Nikasubiri maneno matamu.

"Hapana," mama akasema. "Lakini mzike. Wewe una wa kuzika. Mimi nilizika majivu."

Bi Zamda akaitikia kwa kichwa polepole, akawageukia wanaume. "Nyanyueni. Huyu ndiye peke yake aliyenijibu."

Jeneza likatoka.

Tangu siku ile, awe wa msikitini au wa kanisani, mtu akisamehe kwa sauti kubwa mimi simsikilizi. Natazama mikono yake kaiweka wapi.