Mzungu wa Nne Kwenye Karavani

Enzi zetu kitanda hakikuwashwa kwa swichi. Najua nina miaka kumi na sita tu, na Mama akinisikia nasema "enzi zetu" hucheka mpaka anashika ukuta. Lakini mdogo wangu Hamza, ambaye ana miaka tisa, analala juu ya blanketi la umeme, na jana alilalamika kwamba linachelewa kupata moto. Linachelewa! Nikaona lazima niandike, kwa ajili yetu sisi tuliopata joto kwa njia ya halali, yaani kwa kubanana.

Nilikuwa na miaka minane, likizo ya Julai. Baba ana gereji Jeppestown, na mteja wake mmoja, mzee wa Kiafrikana, mzungu wa huku kusini mwa Afrika, alimwazima karavani yake, kijumba cha kuvutwa na gari. Mzee mkarimu kweli, ila kuna jambo hakulisema: huku Julai ndiyo katikati ya baridi, na wenye akili zao hawaendi kambini. Baba ni mtu wa Tanga. Kwake likizo ni likizo. Akaifunga karavani nyuma ya bakkie lake, yaani pikapu, akatupakia mimi, Bibi mama yake, na binamu yangu Shafii, tukaenda kupiga kambi kando ya bwawa nje ya jiji. Mama alibaki na Hamza, aliyekuwa bado ananyonya. Kambi nzima tulikuwa sisi na bata.

Bibi ndiyo kwanza alikuwa amewasili kutoka Tanga. Hiyo ilikuwa baridi yake ya kwanza duniani, na aliivalia: dera, juu yake sweta, juu yake koti la Baba la gereji lenye madoa ya grisi, na kanga juu ya vyote ili heshima isipotee. Kwa utani wake mimi nilikuwa "mke mwenzangu" na Shafii alikuwa "mume wangu".

Sasa niseme ukweli, maana hili daftari ni langu. Nilikuwa bado nakojoa kitandani. Si kila siku, lakini siku ya kukojoa haikupiga hodi. Nyumbani ilikuwa siri yangu na Mama. Shafii, mtoto wa shangazi, alikaa Midrand na hakujua, lakini kila Jumamosi tulikutana madrasa, na mdomo wake ulikuwa kama kipaza sauti cha msikiti. Akijua yeye, wamejua wote. Mimi ambaye hata kuitikia "hapa" wakati wa kuitwa majina nilitetemeka! Mama aliponiaga aliniinamia sikioni: "Zena, ikishaingia magharibi, usiguse kikombe."

Jua lilipozama tukaelewa kwa nini bata walikuwa wanatuangalia vile. Mle ndani pumzi zilitoka kama moshi. Bibi akataka jiko la mkaa, Baba akakataa: "Mama, mkaa ndani ya kiboksi hiki tutalala tusiamke." Akamkabidhi mpira wa maji ya moto, ule wa kukumbatia. Bibi akaugeuza, akaupima kwa jicho.

"Ndani unatia nini?"

"Maji ya moto, Mama."

"Maji matupu? Yapate moto, yapoe, yamwagwe? Huo si ubadhirifu huo?"

Baba alipotoka nje, Bibi akapika chai ya rangi yenye tangawizi aliyoibeba kutoka Tanga, iliki na sukari ya kutosha harusi, akaimimina yote kwenye mpira. "Inatupasha moto, na asubuhi tunainywa. Mume wangu, funga kizibo kwa nguvu za kiume."

"Sharp, Bibi," akasema Shafii, yaani sawa, kiume kabisa.

Halafu Bibi akatupaka mafuta ya karafuu kifuani na puani mpaka hatukusikia harufu nyingine yoyote. Tukalala mzungu wa nne: kichwa cha Bibi upande wa dirisha, vyetu upande wa mlango, miguu yake katikati ya nyuso zetu ndani ya soksi za Baba. Mpira wa chai tuliuweka katikati kama mtoto mchanga. Kitanda kilikuwa chembamba kiasi kwamba kugeuka ilikuwa kazi ya jamaa nzima. Bibi akiamrisha, "Geukeni!" wote tunageuka, karavani nayo inageuka kidogo.

"Mume gani wewe, miguu barafu!" Bibi alimfokea Shafii.

Sijawahi kuona joto tamu kama lile.

Alfajiri niliamka nimelowa. Si unyevu, ni kulowa. Nikabaki macho wazi, nikimwomba Mungu bwawa liwe limefurika.

"Haibo!" Shafii akaruka. "Kuna mtu amekojoa! Zena! Ni Zena, si ndiyo? Yoh, Jumamosi madrasa..."

Nikavuta blanketi hadi machoni.

"Ni mimi," akasema Bibi.

Shafii kinywa wazi.

"Mimi mtu mzima nimejikojolea. Baridi hii ni ya nyie mliozaliwa kwenye friji. Kuna mwenye neno?"

Nani awe na neno? Bibi hachekwi. Chini ya blanketi kidole chake cha mguu, ndani ya soksi ya Baba, kilinigonga begani mara mbili, taratibu.

Mara Baba, aliyelala kwenye benchi mle ndani, akarudi kutoka nje akitetemeka. Bomba la nje lilikuwa limeganda. "Mama, nipe maji ya kwenye mpira nitawadhe." Akaushika. Ulikuwa mtupu. Akatazama shuka, akainama, akanusa. Yeye hakuwa na karafuu puani.

"Mama," akasema polepole, "mkojo wako una iliki?"

Bibi naye akanusa, akamgeukia Shafii. "Wewe mume! Hivyo ndivyo ulivyofunga?"

Tulicheka mpaka bata wakaondoka. Jumamosi ile madrasa walipata jina jipya kweli, lakini halikuwa langu. Hadi leo Shafii, ana ndevu tatu sasa, anaitwa Kizibo.

Bibi alisharudi Tanga. Wiki iliyopita nilimpigia nikamuuliza kama siku ile alijua ni chai.

"Ningejua ni chai," akasema, "ningelia. Unajua tangawizi ile niliibeba kutoka wapi?"

Sasa na mimi nina blanketi langu la umeme, na kitanda kizima changu peke yangu. Nageuka nitakavyo, bila amri ya mtu. Hamza anaona ndiyo maisha hayo. Blanketi lina vipimo vitatu vya joto, na nimevijaribu vyote. Hakuna hata kimoja kinachosema, "Ni mimi."