Matope ya Hodan

Mimi naitwa Roda, nafundisha Kiswahili katika chuo kidogo cha watu binafsi hapa Garissa, na bado nina hasira. Nitasimulia nikiwa nayo hivi hivi, kwa sababu ikipoa nitaanza kuwatetea watu wasiostahili.

Hodan ni mwalimu mwenzangu, wa bayolojia. Mama yake huuza maziwa ya ngamia sokoni. Alipokuwa mtoto, ukame mmoja ulimaliza ng'ombe wote wa babu yake, na kila mtu akasema haujapata kutokea ukame kama ule. Mtoto akauliza wamejuaje. Hakujibiwa, na hajaacha kuuliza hadi leo. Kabla ya babu, kabla ya babu wa babu, mvua ilikuwaje hapa?

Jibu lake liko chini ya bahari. Mto Tana ukifurika hubeba vimea vidogo sana viitwavyo dayatomu, ambavyo huvioni bila hadubini. Vina maganda ya kioo, kwa hiyo hata vikifa maganda hayaozi. Huzama pamoja na matope huko mto unakoingia baharini, tabaka juu ya tabaka, miaka na miaka. Penye maganda mengi ya vimea vya mtoni, mto ulijaa. Penye vya maji ya chumvi peke yake, mto ulikonda na watu wa huku walilia. Matabaka ndiyo kila kitu. Ukiyachanganya, unabaki na matope.

Meli moja ya utafiti ya Wazungu ilipopita pwani yetu, Hodan alikuwa ndani yake, akitapika kutoka Mombasa hadi Kipini. Walizamisha bomba refu kwenye sakafu ya bahari, likatoka na matope ya miaka elfu nne. Likakatwa vipande, kila kipande kikapasuliwa kwa urefu. Wenye meli walitaka nusu zote mbili ziende kwao Ulaya, eti Garissa kuna joto na hakuna wa kuyalinda. Hodan aligoma. Alisema matope ya Tana yatasomwa na watu wa Tana. Akabishana nao karibu mwaka, mpaka wakampa nusu moja, naye akaahidi kwa jina lake kwamba itakuwa salama. Akapata friji kubwa ya kulala, kama ya wauza nyama, akaipima ubaridi wake isigandishe, akabandika karatasi juu: Usifungue.

Mwezi uliopita alikwenda Balambala kuchota maji ya mto, ili alinganishe vimea vya leo na vya zamani. Huku nyuma chuo kikapata ugeni. Ulikuwa mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, wenye mabango na fulana. Mkuu wetu, Bwana Siyad, aliona maji ya chupa ya wageni yanapata moto stoo, akasoma ile karatasi ya Hodan, kisha akaamuru friji itolewe vitu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Huyu hakuuacha tu, aliutupa juani.

Nunow, mtunza stoo, akatii. Alimwaga matope yote nyuma ya maabara, lundo moja, akaosha zile nusu za bomba. Huku kwetu kitu cha kutilia maji ni mali. Akazipanga kando ya uzio, akawanyweshea mbuzi wake.

Hodan alirudi asubuhi ya mkutano, nikampokea getini. Tuliona mbuzi kwanza. Walikuwa wanakunywa kwa raha zao, na ubavuni mwa bomba kulikuwa na mshale aliouchora yeye kwa wino, na neno "juu". Alikwenda kwenye lundo, ambalo jua lilikuwa limeshalikausha na kulipasua, akaokota bonge moja, akaligeuza huku na huku akitafuta juu yake na chini yake. Halikuwa na juu wala chini.

"Wallahi, abaayo, dada yangu, mimi naona matobe tu," Nunow alimwambia, uso umemshuka. "Hakuna mtu alisema ni kitu."

Sikuweza kumkasirikia Nunow. Hasira yangu ilikwenda kwa aliyesoma karatasi. Naye huyo akaja mbio na tai yake, akamwomba Hodan jambo lisikuzwe. Awaandikie tu wenye meli kwamba umeme ulipotea siku tatu. Umeme wa Garissa, alisema, kila mtu ataamini.

"Umeme haukupotea, Bwana Siyad," Hodan alijibu, akampita.

Aliingia ukumbini na mikono ya matope, akaketi karibu nami. Mgeni rasmi alikuwa anasema kwa masikitiko kwamba shida ya Kaskazini Mashariki ni kukosa kumbukumbu za ukame wa kale, na kwamba iundwe kamati. Watu wakapiga makofi. Mhudumu akatuwekea chupa za maji, baridi tele. Hodan akainua mkono, akapewa kipaza sauti.

"Kumbukumbu zilikuwapo," alisema. "Miaka elfu nne ya mvua zetu, kwenye friji, hapo nyuma. Zilitolewa juzi ili maji mnayokunywa yapate baridi."

Mgeni rasmi aliirudisha chupa yake mezani. Aliuliza kama haziwezi kurekebishwa. Hodan akasema haziwezi. Basi ikatangazwa chai, na watu wakaenda kunywa chai na mahamri, na ile kamati ikaundwa mchana. Mwenyekiti wake ni Bwana Siyad.

Hodan aliwaandikia wenye meli ukweli wote. Walimjibu kwa upole uliomuuma kuliko tusi: poleni sana, nusu yetu iko salama, unakaribishwa kuja kuisoma huku wakati wowote utakapopata viza. Sasa binti wa Garissa, ili ajue iwapo ukame kama ule wa babu yake uliwahi kutokea kabla, atapanga foleni ubalozini Nairobi, aulizwe anakwenda Ulaya kufanya nini.

Nilimuuliza atawajibu nini.

"Nitawaambia naenda kuangalia mvua ya kwetu," alisema, na hakuwa anatania.