Nahodha wa Masila

Mume wangu Masila ameandika miaka kumi na moja, na hakuna karatasi hata moja yenye jina lake. Anawaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo, hapa Kinoo, kwenye meza tunayolia chakula. Wao wanapata digrii, yeye anapata maumivu ya mgongo. Usiniulize kama ni halali. Najua, na yeye anajua, ndiyo maana amechoka vile.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja alimpa kazi ya kuandika maisha ya Nahodha Harms, Mjerumani aliyewinda meli za biashara za Waingereza wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Harms alikuwa akipandisha bendera ya nchi nyingine, anasogea kama rafiki, na akishafika karibu anaishusha na kupandisha yake. Mabaharia aliwahamisha kwanza, kisha akaizamisha meli. Uzeeni alifundisha hesabu katika mji usio na bahari. Masila alimpenda sana mzee huyo. Alinisomea kurasa zote nikikatakata mboga ya sukuma, nikalia, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Basi kampuni ya vitabu huko Kilimani ilipotangaza kazi ya mhariri na kutaka mfano wa maandishi, mimi ndiye niliyemsukuma.

"Baba Kaloki, peleka ile ya nahodha. Hiyo ndiyo best yako."

"Ile nilishatuma, Mama Kaloki. Si yangu tena."

"Kwani nani aliandika?"

Akaandika jina lake juu ya ukurasa wa kwanza.

Siku ya kuitwa nilimsindikiza, nikamngoja mapokezini. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi kidogo. Nikamsikia mkubwa wao, mama mmoja anayeitwa Everlyn, akiongea bila ukali.

"Masila, tume-check. Hii iko online, na ina jina la mwanafunzi wa huko nje. Hata ilishinda tuzo. Hebu niambie ukweli, ni wewe uliandika?"

Sema ni yako, nikamwomba kimoyomoyo. Lakini akisema hivyo atakuwa amekiri miaka kumi na moja ya kusaidia watu kudanganya, na nani ataajiri mhariri wa aina hiyo? Ni mimi nilimwingiza humo, na mdomo wangu mrefu.

Kiti kikasogezwa.

"Hapana, madam," Masila akasema. "Pole sana. Nili-copy."