Bi Oretha Ahamia Sebuleni

Mpaka kati ya majimbo ya Karolina Kaskazini na Karolina Kusini haujawahi kusogea. Haukusogea jana, hausogei leo, na hakuna mtu, nyumba wala mali itakayosogezwa kwa sababu yake. Umethibitishwa tu upya pale ulipokuwa siku zote, kwa vyombo vinavyozungumza na setilaiti, na kuanzia sasa hautategemea tena miti wala kumbukumbu za watu. Hivyo ndivyo ilivyotangaza Tume ya Mpaka, na tangazo likabandikwa kwenye mlango wa posta yetu, kati ya picha ya mbwa aliyepotea na ratiba ya kwaya.

Tulilisoma kwa heshima. Kisha tukaenda kumtazama Bi Oretha McLaurin, kwa sababu mstari huo ambao haukusogea ulikuwa umepita katikati ya nyumba yake. Sebule na jiko vilibaki Karolina Kaskazini. Chumba cha kulala, ua wa nyuma na tanuri la kuchomea nguruwe vilikuwa Karolina Kusini.

Kwa haki, lawama si ya setilaiti. Mwaka 1735 mfalme wa Uingereza, ambaye hakuwahi kufika huku, alitaka mstari ulionyooka kutoka baharini kwenda kaskazini-magharibi. Wapimaji wakakata vinamasi wakichonga alama kwenye miti kwa shoka, wakachoshwa na mbu na ahadi za mshahara, na mwishowe wakakomea maili kadhaa kabla ya pale walipoagizwa. Baadaye miti ikafa, na watu wakaendelea kukumbuka ilikokuwa, kila mtu kwa namna iliyomfaa.

Bi Oretha alizaliwa katika nyumba hiyo ya mbao, akaolewa akiwa ndani yake, akafiwa na mumewe ndani yake, na katikati ya hayo alifanya kazi kiwanda cha soksi mpaka kiwanda kikahamia nchi nyingine bila kuaga. Tangu hapo huchoma nguruwe kila Jumamosi. Nguruwe mzima, makaa ya mti wa hikori, moto wa chini usiku kucha, na mchuzi wa siki na pilipili kavu, basi. Ng'ambo ya mstari watu hupaka nyama haradali ya njano, jambo ambalo Bi Oretha hulitaja kwa sauti ile wengine wanayotumia kutaja magonjwa. Ukweli ni kwamba Wakarolina Kusini wa karibu na mpaka nao hutumia siki kama sisi. Nilimwambia hivyo siku moja. Aliniuliza nani kanituma.

Tume ilimleta Bwana Caudill kwenye ukumbi wa kanisa letu aje kutuelimisha. Alikuwa kijana mpole mwenye tai, na alikuwa amekuja na ramani.

"Mama, mstari haukuhama," alisema.

"Basi aliyehama ni nani?"

"Hakuna aliyehama, mama."

"Mimi nililala Kaskazini nikaamka Kusini. Kama mstari haukuhama, na mimi sikuhama, basi nilitekwa."

"Nani akuteke wewe?" Shemasi Lonnie Gaither alidakia kutoka kiti cha nyuma. "Angekurudisha kabla ya chai."

"Nyamaza, Shemasi. Naongea na serikali."

Bwana Caudill alijaribu kuonyesha faida. Petroli ni nafuu kule, alisema, na fataki huuzwa kihalali.

"Mwanangu, nina miaka sabini na mbili. Fataki nizifanyie nini?" Akainuka, akaweka mkoba wake juu ya kiti. "Nijibu hili tu. Baba yangu, Ezell McLaurin, alikuwa mtu wa jimbo gani?"

Bwana Caudill aliangalia ramani, labda kwa matumaini kwamba itajibu yenyewe. "Kwa mujibu wa vipimo, mama, alikuwa mkazi wa Karolina Kusini. Ila hakujua."

Hakuna mtu pale asiyejua habari za Ezell.

Zamani hizo mtu mweusi aliyetaka kujiandikisha kupiga kura kwetu alitakiwa asome na kuandika kifungu cha Katiba ya jimbo, mpaka karani aridhike. Karani alikuwa mzungu, na hakuwa mtu wa kuridhika upesi. Mara ya kwanza alisema Ezell amesoma haraka mno. Mara ya pili alisema amesoma polepole mno. Mara ya tatu kulikosekana mkato mmoja. Ezell akarudi nyumbani, akaanza upya. Alikuwa akijifunza usiku wa Jumamosi kando ya tanuri, nguruwe akiiva, na Oretha, mtoto wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyeshika kitabu kumsahihisha huku akichochea makaa. Kifungu walichokipenda ni kile cha kwanza, kinachosema watu wote wameumbwa sawa na wana haki ya kufaidi matunda ya jasho lao. Mwaka 1956 karani aliishiwa sababu. Ezell akapiga kura akiwa amevaa suti ya harusi yake.

"Karolina Kaskazini ilimnyima baba yangu kura miaka sita," Bi Oretha alisema, polepole. "Sasa unaniambia hakuwa wake? Angekuwa wa Karolina Kusini, mwanangu, wangemnyima wao wenyewe. Wana makarani wao."

"Naelewa hisia zako, mama."

"Si hisia. Nyumba ikikatwa na mstari, mnajuaje mtu ni wa wapi?"

Bwana Caudill alifurahi kupata swali lenye jibu. "Tume huangalia mahali mtu anapolala, mama."

"Anapolala."

"Ndiyo, mama. Kilipo kitanda chake."

"Asante," alisema Bi Oretha, akachukua mkoba wake akatoka. Nadhani ni mimi na Shemasi tu tuliomwona akitabasamu.

Kitanda chenyewe kilikuwa cha chuma, cha bibi yake, na hakikupita mlangoni. Tuliung'oa mlango. Shemasi alilalamikia mgongo, goti, na ujana uliompita. Makochi yalisukumwa ukutani, na televisheni ikahamishiwa chumbani, Karolina Kusini, ambako Bi Oretha alisema kelele zake zitapata wasikilizaji wanaozistahili. Jioni ile aliketi juu ya kitanda chake katikati ya sebule, kofia ya kanisani kichwani, akatutazama kama malkia anayepokea mabalozi.

"Sasa wageni wako watakaa wapi?" nikamuuliza.

"Wageni wangu wana kwao."

Tukadhani mambo yameisha. Wiki iliyofuata alikuja Mwalimu Renita Purdie wa darasa la nne, na alikuja na keki ya nazi, kwa hiyo tulijua ana habari mbaya.

Kila Oktoba darasa la nne husoma mada ya Jimbo Letu. Kitabu chao kinasema jimbo lina milima upande mmoja, bahari upande mwingine na uwanda katikati, kwamba ndege wake ni kadinali mwekundu, na kwamba wakazi wake wanapenda uhuru. Kuhusu makarani hakisemi kitu. Ndiyo maana kila mwaka watoto waliletwa kwa Bi Oretha. Walikula nyama na kabichi ya siki na mkate wa mahindi, kisha wakakaa kulizunguka tanuri, wakasoma kifungu cha kwanza kwa sauti, mmoja mmoja, na yeye akawa karani. Alikuwa karani mkali. Kisha akawaambia kwa nini.

"Bi Oretha, mwaka huu hatutaweza," alisema Mwalimu Purdie.

"Watoto wanaumwa?"

"Hapana. Tanuri lako liko nje ya jimbo. Safari ya nje ya jimbo inataka kibali cha bodi ya shule na bima, na bodi wananiuliza, nitafundishaje Karolina Kaskazini ndani ya Karolina Kusini?"

"Kuna mmoja wao aliyewahi kuona mahali tanuri langu limeandikwa Kusini?"

"Kwenye ramani, Bi Oretha." Mwalimu alikata kipande cha keki ambacho hakuna aliyekiomba. "Lakini unaweza kuleta nyama shuleni. Tutasomea kantini."

Renita mwenyewe, alipokuwa darasa la nne, alisoma kifungu kando ya tanuri hilo, na Bi Oretha alimfelisha mara mbili.

"Nyama naweza kuleta," alisema. "Moto siwezi. Baba yangu hakusomea kantini. Waambie watoto waje."

"Bi Oretha, bodi..."

"Waambie bodi nitakuwa nyumbani, Karolina Kaskazini. Wewe kula keki yako."

Asubuhi iliyofuata alikuwa mbele ya nyumba na sepeto, aking'oa maua yake ya azalea, yale ambayo alikuwa amekataza hata paka kuyapitia. Upande wa mbele ndio uliokuwa umebaki kaskazini. Tanuri la zamani lilikuwa la matofali ya saruji yaliyopangwa tu, bila chokaa, yakafunikwa mabati, kwa hiyo kulibomoa hakukuhitaji fundi. Kulihitaji wapumbavu, na wapumbavu hawakukosekana. Tulibeba matofali kutoka nyuma kwenda mbele, yakiwa meusi kwa moshi wa miaka yote ile, na yeye akatuamrisha kila moja liingie pale lilipokuwa, lile la chini chini, lile la juu juu.

Shemasi Lonnie alisimama kupumua. "Dada Oretha, watu wenye adabu huweka nguruwe nyuma ya nyumba."

"Watu wenye adabu wana jimbo lao nyuma ya nyumba. Beba."

"Na mgeni akija atapita wapi?"

"Atapita kwenye nguruwe. Akiona vibaya, mlango wa nyuma uko Karolina Kusini, aende akaombe viza."

Siku ya mwisho aliweka chupa ndogo ya haradali kwenye dirisha la chumba cha nyuma, upande wa nje, kwa ajili ya mtu yeyote anayeitaka kiasi cha kwenda ng'ambo kuifuata. Iko pale mpaka leo. Kifuniko hakijafunguliwa.

Bodi ilituma mtu na kipimo. Alipima, akapima tena, akala sahani mbili, akaandika kwamba tanuri liko ndani ya jimbo. Oktoba basi la njano likasimama mbele ya nyumba, watoto wakashuka wakipiga kelele, wakanyamaza walipoona moto. Msichana mmoja alimaliza kusoma kifungu chake, akachungulia sebuleni.

"Bibi, mbona kitanda kiko hapa?"

"Kwa sababu ya Katiba," alisema Bi Oretha. "Umesoma haraka mno. Anza tena."

Jiwe la Tume la kuonyesha mpaka lilizikwa ardhini nyuma ya nyumba, na kichwa chake cha shaba kilikuwa kinang'aa mwaka wa kwanza. Siku hizi majani yamelifunika, na simu huko hazishiki mtandao. Wafanyakazi wa Tume huja kulikagua mara kwa mara. Kulipata, hufuata moshi.