Mzazi wa Banda la Mbuzi

Wanawake niliowazalisha siwezi kuwahesabu. Mbwa nilikuwa sijawahi kumlea hata mmoja. Lakini mjukuu wangu anafanya kazi Watamu, kwenye nyumba ya kutunzia mbwa waliotupwa, akanipigia simu.

"Hawe," akasema, ndivyo tunavyoita nyanya huku kwetu Magarini, "hapa kumejaa. Nina jike amezaa juzi chini ya kibanda kinachobomolewa. Nishikie kwa muda tu, mpaka watoto waache kunyonya."

"Mimi silali na mbwa."

"Nani kakwambia ulale naye? Mtie banda la mbuzi."

Akaja naye kwa tuktuk. Jike la rangi ya mchanga, mbavu nje, na watoto wanane ndani ya beseni, macho yamefumba, wamelaliana kama viazi vitamu. Akaniachia na mfuko wa chakula cha mbwa, vipande vikavu, akanieleza apewe kiasi gani, akaenda zake.

Sasa, kulisha mzazi mimi wa kufundishwa na mtoto niliyemkata kitovu? Mzazi anakunywa uji, mwepesi, wa moto, asubuhi na jioni, maziwa yashuke. Dagaa na samaki hapewi, maziwa yakanuka shombo mtoto akatoka vipele. Ndivyo mama yangu alivyonilisha, ndivyo nilivyowalisha wengine. Vile vipande nilivinusa, nikasikia shombo ileile. Nikaufunga mfuko nikautundika darini. Jike nikampa uji wa mahindi, akanywa mpaka akalamba sufuria. Maziwa yakashuka kweli, watoto wakafura matumbo. Kila aliyepita njia nilimwita: "Njoo uone mzazi wangu! Wenye vyeti wako Watamu, wenye mikono tuko huku."

Wiki ya tatu, asubuhi moja, nilikuta uji haujaguswa. Jike alikuwa anazunguka banda akijigonga ukutani, macho yametoka, anahema kama aliyekimbia kutoka Adu. Miguu imekakamaa kama ya meza. Mate yanamtoka kama povu la sabuni. Na wale watoto wanamng'ang'ania chuchu, akianguka wanamparamia.

Nilirudi nyuma nikafunga mlango kwa kamba. Nilikuwa msichana mdogo kakangu alipong'atwa na mbwa aliyetoka mate namna ile. Tulimpaka majani. Kidonda kikapona, tukasahau, halafu siku moja akaletewa maji akapiga ukelele. Baba yetu mwenyewe ndiye aliyemfunga kamba kitandani mpaka akafa. Kichaa cha mbwa sikukisikia kwa watu, nilikiona.

Nikampigia mjukuu wangu.

"Anatetemeka?"

"Kama cherehani."

"Mate?"

"Mengi."

"Chakula nilichokuletea anakula?"

"Anakula," nikasema.

Nilidanganya. Ulimi ulitangulia kabla sijafikiri.

Nikasikia anavuta pumzi. "Basi hawe, usimguse. Tulimchanja, lakini hatujui kama alikuwa ameshang'atwa kabla. Namleta daktari. Kama ni kichaa, itabidi amdunge sindano alale moja kwa moja."

Jirani yangu alikuwa amenisikia kwenye simu, ameshafika uani, panga mkononi. Sikumlaumu. Jana yake binti yake mdogo alipitisha mkono kwenye fito za banda, jike akamlamba.

"Mama, toka mlangoni."

"Daktari yuko njiani."

"Daktari wa Watamu atafika lini? Mwanangu kalambwa!"

"Umpeleke mwanao kliniki sasa hivi."

"Mamake ameshampeleka. Mimi nimekuja kummaliza huyu. Toka."

Sikutoka. Nilichungulia kupitia fito. Jike alikuwa ameanguka ubavu, shingo imepinda nyuma, na pale nikamkumbuka mwanamke mmoja niliyemzalisha zamani. Alikakamaa hivyohivyo, meno yakigongana. Watu wakasema pepo, wakaleta ubani. Mimi nikamtia kwenye gari, hospitali wakasema ni maradhi ya uzazi, akarudi kwake kwa miguu yake.

"Si kichaa," nikasema. "Ni uzazi."

"Uzazi wa wiki tatu? Na wewe kila siku unatangaza unavyomlisha?"

Hapo ndipo ilipokuwa: huo ulishaji wangu. Nikisema, nitakuwa kichekesho mpaka kisimani. Nisiposema, daktari atakuja na sindano ya kuua, kama panga halijamtangulia. Nikabonyeza simu, sauti nikaiweka juu, jirani anasikia.

"Nimekudanganya. Hakula kile chakula hata kipande. Nampa uji mtupu tangu ulipomleta."

"Hawe! Uji? Na watoto wanane?"

Sauti ya mwanamume ikaingia, daktari mwenyewe, na mngurumo wa gari nyuma yake. "Mama, sikiza. Huenda kalsiamu imemwisha mwilini, imekwenda yote kwenye maziwa. Sikuhakikishii. Watoto waondoke kwenye chuchu sasa hivi, lakini mkono wako usimkaribie mdomo. Tumeshapita Malindi."

Jirani akanitazama. Hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka.

Nikatwaa mti wenye kulabu wa kuangulia maembe, nikafungua mlango nusu. Watoto sita walikuwa juu ya gunia. Nililinasa gunia kwenye ncha nikalivuta polepole, wanalia, wanabingirika, mpaka wakanifikia miguuni. Jirani alisimama nyuma ya bega langu.

"Akigeuka, nakata."

"Ukikata uangalie nani unayekata. Ulipozaliwa ulitanguliza makalio, wakasema hutoki. Nilikungoja mimi."

"Mama, huu si wakati wa makalio yangu!"

Wawili walibaki chini ya tumbo. Kulabu haikufika. Nikajifunga leso mkono mzima, nikapiga magoti, nikaingia. Wa kwanza alitoka. Wa pili alikuwa ameuma chuchu, haachii. Nilipomvuta, jike akageuza kichwa, taya zikitetemeka, zikatua juu ya mkono wangu. Mate yakapenya leso. Nilihisi meno yakigonga, tuk, tuk, tuk, bila kubana.

"Usikate," nikamwambia jirani. "Usikate, usikate."

Nikamtoa yule mtoto, nikarudi kinyumenyume. Niliuosha mkono kwa sabuni mpaka ngozi ikawaka. Kisha nikakaa chini nikiukagua, natafuta mkwaruzo. Sasa tulikuwa wagonjwa wawili, mimi na jike, tunaomngoja daktari.

Alipofika alimbana jike kichwa kwa kitanzi, akatafuta mshipa wa mguu. Dawa ilisukumwa taratibu mno, anasikiliza moyo, anasimama, anasukuma tena. Mimi nilitazama miguu ile minne tu. Ilikuwa bado mbao. Sindano ikafika nusu, bado mbao. Ikakaribia kwisha, na mguu mmoja wa nyuma ukalegea, ukateleza chini. Halafu wa pili. Kisha shingo. Jike akajikojolea, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mtungi.

"Ingekuwa kichaa," daktari akasema, "sindano hii ya kalsiamu isingemfanyia kitu." Mkono wangu akautazama pia, akanituma kliniki vilevile nikachanjwe. Nilikwenda mchana uleule, sikubisha.

Kabla sijaondoka, mjukuu wangu alichuchumaa kando yangu, anachanganya maziwa ya unga ya watoto wa mbwa, maana mama yao hakuruhusiwa kunyonyesha siku ile.

"Kwa nini ulinidanganya, hawe?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

"Ya kutojua."

Akanitilia mtoto mmoja mapajani, anapiga kelele kwa njaa, na bomba la sindano lisilo na ncha, limejaa maziwa. Nikamfungua mdomo kwa kidole cha mwisho, na kabla sijadondosha hata tone nikamuuliza mjukuu wangu ni kiasi gani.