Mbwa Aliyenyamaza

Ujanani nilikuwa na wazimu wa farasi, na farasi mwenyewe kwetu alikuwa mmoja tu, wa Mdachi, yule Mjerumani wa bomani. Akipita, nami mbio nyuma yake. Baba alipotaka mbwa wa kulinda mpunga, alinituma nikachague kwa desturi yetu: mnyanyue mtoto wa mbwa kwa sikio, akipiga kelele mchukue. Mpumbavu mimi nikachukua aliyenyamaza, ili tukikimbia asimshtue farasi.

Vita vya Maji Maji vilipotukimbizia mikokoni, Mdachi alikuja na farasi wake na askari kutusaka. Mbwa hakubweka. Alitoka akitikisa mkia kumlaki farasi, kisha akarudi kwangu, nao nyuma yake. Baba walimpiga risasi. Mdachi akampapasa mbwa, akaniambia nimechagua vizuri.