Daktari Sorcha Alipokwenda Perth

Sorcha Gillespie alikuwa daktari pekee wa kijiji chetu hapa Donegal, Ayalandi. Alilelewa na baba yake, mzee Condy, aliyefiwa na mkewe na aliyekuwa akigawa barua kwa baiskeli. Miaka mingi Sorcha alitibu peke yake watu wa vijiji vitatu. Aliomba mwenzake wa kumsaidia, hakuletewa. Mwisho akasema anahamia Perth, Australia.

Nuala mwenye duka alimkabili mbele ya watu.

"Kumbe tulikuwa tunawasomeshea Waaustralia daktari! Kwani huko wanakufa kwa kukosa daktari?"

"Huko daktari ana wenzake, Nuala. Na usiku analala."

"Na sisi je?"

Sorcha alitoka ameinamisha kichwa.

Mzee Condy ndiye aliyemwambia, "Nenda, mwanangu. Hawa watapata daktari mwingine. Mimi sina binti mwingine, na huyu niliye naye namwona anakwisha."

Daktari mwingine hakuja. Zahanati ikafungwa.

Jumapili moja mimi, Bríd, ambaye Sorcha huniita shangazi, nilimpelekea mzee viazi, nikamkuta anazungumza na Sorcha kwa simu ya video. Alikuwa akimsimulia vituko vya kondoo wa jirani, mara ulimi ukaanza kuburuza maneno.

"Baba, hebu cheka nikuone."

Condy akacheka. Upande mmoja wa uso haukusogea.

"Shangazi Bríd, upo hapo? Ita gari la wagonjwa, sasa hivi! Ni kiharusi. Mlaze ubavu, usimpe hata maji."

Gari lilitoka mbali. Tukalingoja, mimi nimemshika mzee mkono, Sorcha akimwita kutoka upande wa pili wa dunia, "Baba, niangalie. Baba, nipo." Maskini, alikuwapo na hakuwapo.

Condy alinusurika, ila kauli haikurudi na mkono mmoja ulibaki umepooza. Sorcha akaja, akamuuguza mwezi mzima. Siku ya kuondoka alipiga magoti mbele ya kiti chake.

"Baba, nibaki?"

Mzee alimtazama kitambo, machozi yakimlengalenga. Akatikisa kichwa kukataa, kisha kwa ule mkono mzima akamsukuma polepole kuelekea mlangoni.

Sorcha alirudi Perth, na bado anapiga simu kila Jumapili. Sorcha huongea, mzee husikiliza. Habari zikiisha hubaki wakitazamana tu, kimya, na hakuna anayekubali kuwa wa kwanza kukata.